Kabla ya Mama Miti, Profesa

Asante, mwenyekiti. Barua ya mwaliko ilisema nije kuzungumza juu ya "Mama Miti na urithi wake", nami nikakubali upesi kabla waandalizi hawajashtuka kwamba miti sitaigusa. Hawa walioketi safu ya mbele wananijua, wameshaanza kucheka. Ndiyo, ile ya nyumba nitairudia. Aliyekwisha kuisikia akanywe chai, arudi.

Wangari Maathai, ndiye huyo Mama Miti, alifanya kazi chuoni miaka 16, tangu 1966 hadi 1982. Uzamifu alipata 1971. Mwaka 1976 akawa mwenyekiti wa idara ya anatomia ya mifugo, mwaka uliofuata profesa mshiriki. Watu husoma hayo kwa pumzi moja kisha wanakimbilia Oslo kupokea Nobel. Halafu wanasema aliacha usomi akaingia harakati. Aliacha nini? Pale Chuo Kikuu cha Nairobi alikuwa akitafiti ndigana kali, ule ugonjwa unaomaliza ng'ombe wa gredi, na ugonjwa wenyewe huletwa na kupe. Sasa, kupe hatunzwi kabatini. Unamfuata malishoni, unashika sikio la ng'ombe, maana huyu kupe hupenda sikio, unamng'oa mmoja, unatia kichupani, unamng'oa mwingine. Na ukiinama hapo nusu saa, macho yanafanya kazi nyingine ambayo hukuyatuma. Unaona mbavu za ng'ombe. Unaona nyasi hazipo. Mvua ikinyesha, mto unateremka una rangi ya chai ya maziwa. Yeye mwenyewe alieleza kwamba hapo ndipo alipotambua kuwa kupe si adui mkubwa wa yule ng'ombe, adui mkubwa ni ardhi inayochukuliwa na maji. Kwa hiyo, mkitaka kujua ile miche saba aliyoipanda Kamukunji, Nairobi, tarehe 5 Juni 1977, mwanzo wa Green Belt, harakati yake ya kupanda miti, ilichipuka wapi, ilichipuka sikioni mwa ng'ombe.

Haya, miti imekwisha. Twende kwenye nyumba.

Masharti ya kazi ya wakati ule yalimhesabu mhadhiri mwanamke aliyeolewa kuwa mtu mwenye paa tayari, paa la mumewe. Marupurupu ya nyumba, bima na mengine aliyopata mwenzake wa kiume yeye hakuyapata vilevile, ingawa wanafundisha darasa lilelile na kusahihisha mitihani ileile. Wangari na Vertistine Mbaya, mwalimu wa biokemia, wakakataa. Wakajaribu hata kukigeuza chama cha wahadhiri kiwe chama cha wafanyakazi, kiweze kuketi mezani na mwajiri. Mahakama ikakataa. Lakini mengi waliyodai yalikuja kutolewa baadaye, na wapo kina mama humu ukumbini waliostaafu na marupurupu hayo bila kujua nani aliyagombania.

Mwaka 1982 ukatokea uchaguzi mdogo kwao Nyeri. Ili agombee ilimbidi ajiuzulu kazi ya chuo. Akajiuzulu. Kisha akaambiwa hastahili, eti hakujiandikisha upya kupiga kura mwaka 1979. Akaenda mahakamani. Sikilizeni saa, maana hadithi nzima imo kwenye saa. Kesi itasikizwa saa tatu asubuhi, na akishinda makaratasi yake yawe yamefika Nyeri saa tisa alasiri. Kilomita kama 150, kwa barabara za 1982. Hata jaji angempa haki, ingebidi haki hiyo ipande gari na ikanyage mafuta. Jaji hakumpa.

Akarudi chuoni kuomba kazi yake. Hapana. Na kwa kuwa alikuwa akiishi kwenye nyumba ya chuo, na sasa si mfanyakazi, akatakiwa aondoke.

Niliwahi kukaa nyumba ya chuo mimi, chuo kingine, sitakitaja. Siku ya kuhama alikuja bwana mmoja ana karatasi yenye orodha. Akahesabu ndoano za mapazia. Akahesabu vifuniko vya soketi. Akawasha balbu moja moja, ya msalani ikakataa kuwaka. Nilikatwa bei ya balbu. Na mimi nilikuwa naondoka kwa heri, nimepata kazi kwingine, nimepewa keki! Huwa namfikiria huyo mama siku yake ya balbu, hana kazi, hana kiti cha Bunge, na juzijuzi tu alikuwa akiongoza idara.

Kuna kijana hunifuata kila mahali na swali moja, leo simwoni lakini nitamjibu. "Prof, si alijiuzulu kwa hiari yake?" Mwanangu, alijiuzulu ili agombee. Ugombeaji ukazimwa. Sababu ya barua ikafa, barua ikabaki hai. Na kumbuka, miaka ile chansela wa chuo kikuu cha umma alikuwa ni Rais wa Jamhuri. Serikali isiyomtaka kwenye debe na chuo kisichomtaka darasani walikuwa na bwana mmoja. Angekata rufani kwa nani? Kwa Askofu?

Mwenyekiti amenipa kikaratasi. Dakika nne. Mwenyekiti, balbu peke yake ilitaka kumi.

Haya, mbio. Alihamia nyumba ndogo South C, mtaa wa Nairobi, aliyokuwa ameinunua miaka ya nyuma. Ishikeni hiyo nyumba. Chama cha Misitu cha Norway kikamsaidia, Green Belt ikasimama. 1989 akapinga jengo la ghorofa 60 ndani ya bustani ya umma ya Uhuru Park, Bunge likatumia dakika 45 kumjadili mtu ambaye hayumo Bungeni, kisha Green Belt ikafukuzwa kwenye ofisi iliyopewa na serikali. Majalada, wafanyakazi na taipureta zikaenda wapi? South C. Jengo halikujengwa. Kona ya Uhuru na kina mama wa wafungwa wa kisiasa 1992, kuutetea msitu wa Karura 1999, nilikuwa na kurasa tatu hapa, nazigeuza hivi. 2002 akaingia Bunge kwa kiti cha Tetu, 2003 akafanywa waziri msaidizi wa mazingira. Msaidizi! Nobel ya 2004 ikamkuta bado msaidizi, na hilo ningependa sana kulisema kwa urefu, ila mwenyekiti amesimama.

Moja tu. Mwaka huohuo wa 2003 Rais aliacha kuwa chansela wa kila chuo cha umma. Na Chuo Kikuu cha Nairobi sasa kina taasisi yenye jina la Wangari Maathai, ya amani na mazingira. Nimewahi kuingia pale. Nilijikuta nimeinua macho, nahesabu balbu.

Maswali. Naona mkono kule nyuma. Wewe wa shati la bluu, kabla hujafungua mdomo, ni swali la miti?