Amesoma, Lakini Si Mtu

Mhadhara kwa walimu watarajiwa, Dodoma

Mbukwenyi!

Kuna kauli ambayo kila mmoja wenu ameisikia msibani au kwenye kikao cha ukoo: "Yule amesoma, lakini si mtu." Tunaitamka na kuendelea kunywa chai. Mimi inaniuma. Maana yake miaka kumi na sita ya ada, viboko na mitihani imempitia mtu kama mvua juu ya jiwe, na hakuna kilichoota.

Nimelisema katika vikao vingi na leo nalirudia: elimu humjenga mtu pale anapoulizwa anafikiri nini, kisha alichosema kikabadilisha jambo.

Mwaka 1973 nilikuwa na miaka 19, kiongozi wa kikundi cha redio katika kampeni ya Mtu ni Afya. Nchi nzima walishiriki watu wapatao milioni 2. Utaratibu waulizeni babu zenu: redio katikati, watu wameizunguka, kipindi kikiisha mnajadili, mnaamua la kufanya. Sisi tulikaa chini ya mbuyu. Siku hiyo tukafika kwenye maji salama: yachemsheni, naweni.

Bibi mmoja akanyoosha mkono. Hakujua kusoma, na mjukuu alikuwa mgongoni. Akasema: "Mwalimu, hayo ya kuchemsha nayatoa wapi? Kwetu nilikuwa nafukua mchanga korongoni, nachota, narudi ng'ombe hawajatoka zizini. Waliotuleta hapa, yupo aliyeuliza maji yako wapi?"

Operesheni Dodoma ya 1971, ile ya kuwahamishia watu kwenye vijiji vya ujamaa, mnaijua. Kijiji kile kilikuwa matunda yake. Watu wakainamisha vichwa. Nikatazama kijitabu changu, swali halikuwamo. Nikamwambia, "Bibi, hilo si la leo."

Lishikeni neno hilo, maana mtalisema na ninyi, chaki mkononi, mada haijaisha na mkaguzi yuko njiani. Hilo si la leo.

Mzee mmoja akasimama: "Kama si la leo, zima redio twende zetu." Basi tukaanza upya. Kila mwanamke akaeleza anaamka jogoo la ngapi, anakwenda umbali gani, anarudi na ndoo ngapi. Wanaume waliokaa nao nyumba moja miaka ishirini wakaisikia hesabu hiyo kwa mara ya kwanza. Nilimwona mmoja akifuta macho kwa kanga ya mkewe. Wiki iliyofuata wakaenda korongoni na majembe, na wenye punda wakakubali kuwatoa kwa zamu. Aliyewaonyesha mahali pa kuchimba ni yule bibi. Tangu siku hiyo, waliozoea kumkatiza akiongea wakawa wanamsubiri amalize. Kusoma alijifunza baadaye, kwenye kisomo. Utu wake haukuungoja huo ujuzi.

Nawasikia mnanong'ona: Mzee, mtihani wa darasa la saba hauulizi maji yako wapi. Sijasema watoto wasifaulu! Aliyekariri, swali likigeuzwa maneno kidogo tu, amepotea. Aliyezoea kuuliza "kwa nini" hapotei upesi hivyo.

Mwingine atasema serikali iliyotufundisha kujadili ndiyo iliyohamisha watu bila kuwauliza. Ni kweli, na sitaipamba. Mwaka 1967, katika andiko lake Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alitaka elimu ijenge akili inayodadisi na mtu anayejiamini kuwa ni huru na sawa na wenzake. Miaka minne baadaye watu wakahamishwa. Mimi andiko lile nilikuwa nimelisoma. Bibi yule hakulijua kabisa. Lakini chini ya mbuyu ule, aliyelitimiza ni yeye.

Nilitaka niseme juu ya lugha: mtoto anayejadili kwa Kiswahili hadi darasa la saba, akiingia kidato cha kwanza ananyamazishwa na Kiingereza. Na viboko, na darasa la watoto mia moja. Mwenyekiti ananionyesha saa, nayaacha.

Ila mkienda mazoezi ya kufundisha, nawaomba kitu kimoja: kila kipindi, ulizeni swali moja ambalo jibu lake ninyi wenyewe hamna. Moja tu. Kisha ngojeni, hata kimya kikiwatisha.

Sasa nakaa. Yule dada pale nyuma ameinua mkono tangu nilipotaja maji. Mpeni kipaza sauti.