Miezi Miwili ya Ibara ya 30: Kwa Nini Mawakili Waandike Kwenye Jarida la Sheria
(Mhadhara kwa mawakili vijana na wanafunzi wa sheria, Arusha)

Ndugu mawakili, na ninyi wanafunzi, habari za mchana.

Mji wetu una mahakama mbili ambazo watu huzichanganya: ya Afrika Mashariki, na ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Kuzichanganya kunamgharimu mteja haki yake.

Chukueni mtu wa Moshi anayelalamikia kitendo cha serikali. Mahakama ya Afrika inataka amalize kwanza ngazi za mahakama za nyumbani. Tena, Novemba 2019 Tanzania ilijiondoa kwenye tamko lililowaruhusu watu binafsi kufungua mashauri wenyewe. Mwaka mmoja baadaye mlango huo ukafungwa. Mahakama ya Afrika Mashariki haimdai apitie ngazi hizo, lakini Ibara ya 30 ya Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki inampa miezi miwili tu tangu kitendo kitokee, au tangu akijue. Wakili aliyezoea kupanda ngazi moja baada ya nyingine atafika huku muda umekwisha zamani, na shauri litatupwa kabla hoja yake haijasikilizwa. Inaniuma sana.

Kikomo hicho hakikuwamo katika Mkataba wa 1999. Novemba 2006 Mahakama ya Afrika Mashariki ilizuia wabunge wa Kenya kuapishwa katika Bunge la Afrika Mashariki. Desemba hiyohiyo wakuu wa nchi wakarekebisha Mkataba na kukiweka kikomo hicho. Asiyeijua historia hiyo hawezi kukitetea kikomo wala kukipinga.

Hapo ndipo jarida la sheria za kanda linapohitajika. Hukumu inakueleza nani kashinda. Makala nzuri inakuonyesha hoja ilikotoka na inakoweza kufika. Katika shauri la Katabazi la 2007, la watuhumiwa wa Uganda waliokamatwa tena baada ya kupewa dhamana, majaji wa Mahakama hiyo walikiri kwamba haki za binadamu hazijakabidhiwa rasmi kwao, ila wakakataa kuacha kazi ya kuutafsiri Mkataba eti kwa sababu tu haki hizo zimetajwa. Mashauri mengi yamepita katika upenyo huo.

Maprofesa wanaandika, nawashukuru. Ila anayejua kwa nini shauri lilikwama masjala, au swali gani jaji alilirudia mara tatu, ni wewe uliyesimama pale. Andika kurasa nne kuhusu shauri moja: tarehe ya kitendo, tarehe ya kufungua, muda ulihesabiwaje, Divisheni ya Rufani, ngazi ya juu ya Mahakama hiyo, ilisemaje. Mhariri atakurudishia andiko likiwa limejaa maswali ya wasomaji wa kitaaluma. Yajibu, ulirudishe.