Usiuze Kamera Usiyojua Itatengenezwa Wapi

Hamjambo, na asanteni kwa kuacha shughuli zenu Jumamosi ya leo. Naona wenye studio wa Westlands, naona mafundi wa katikati ya jiji, na wanafunzi wamejaa pale nyuma. Nimeombwa nizungumzie biashara ya kamera za dijitali za fomati ya kati, yaani zile zinazonasa picha kwenye eneo kubwa kuliko kamera za kawaida. Nitaizungumzia pamoja na ufundi wake, kwa maana kwangu ni kazi moja. Muuzaji asiyejua mashine itatengenezwa wapi hana haki ya kupokea pesa ya mteja.

Tuanze na ukubwa. Sensa, yaani kibamba kinachonasa mwanga ndani ya kamera, kwa kamera nyingi za kitaalamu mlizozizoea ina milimita 36 kwa 24. Ile ya Fujifilm GFX na ya Hasselblad X ina 43.8 kwa 32.9, eneo linalozidi lile la kwanza kwa karibu thuluthi mbili. Beki kubwa za Phase One zina 53.4 kwa 40, yaani karibu mara mbili na nusu. Nikisema beki nina maana ya kile kipande cha nyuma chenye sensa, kinachochomolewa kwenye mwili wa kamera.

Nani anazihitaji hapa Nairobi? Anayepiga picha za mabango makubwa ya barabarani. Anayenakili michoro na nyaraka za zamani, ambapo kila uzi wa turubai lazima uonekane. Na mpiga picha wa harusi pia, kwa sababu ambayo wauzaji wengi hawaisemi. Jua letu la saa sita liko utosini, na nyuso zinaingia vivuli vizito chini ya macho. Lenzi za Hasselblad X zina shata, yaani pazia linalofunguka na kufungwa kuruhusu mwanga, ndani yake, kwa hiyo flashi inakubaliana nayo hadi kasi ya 1/2000 ya sekunde. GFX ina shata mbele ya sensa, na kwa flashi ya kawaida inaishia 1/125. Kwa bibi harusi aliyesimama kwenye nyasi za Karura saa sita mchana, tofauti hiyo ni kubwa kuliko megapikseli zote zilizoandikwa kwenye boksi.

Kuhusu bei, nitatoa mfano mmoja. GFX 100 ilitoka mwaka 2019 kwa dola 9,999 huko Marekani. Mwaka 2021 ikaja GFX 100S, megapikseli 102 zile zile, kwa dola 5,999. Aliyekuwa na GFX 100 kwenye rafu aliona thamani ya mzigo wake ikiporomoka siku moja. Na huku kwetu mzigo unalipiwa VAT ya asilimia 16 pamoja na ada nyingine za forodha kabla haujafika dukani. Ndiyo maana nawasihi wafanyabiashara wenzangu: mashine mpya agizeni kwa oda yenye amana, mtaji wenu uende kwenye zilizotumika na kwenye vifaa vya ufundi.

Sasa hizo zilizotumika, hapo ndipo penye kazi.

Hasselblad 500C, kamera ya filamu, ilitoka mwaka 1957. Ndani yake ni chuma, springi na meno. Fundi mwenye mkono mtulivu wa hapa hapa Nairobi anaweza kuifungua, kuisafisha, kuitia mafuta na kuirudisha kazini. Ugonjwa wake mkubwa ni kukwama, kwa sababu mtu amepachika lenzi ambayo springi yake haijakazwa kwenye mwili uliokazwa. Ugonjwa wa pili ni grisi kuganda kwenye shata ya lenzi iliyokaa kabatini miaka mingi, ndipo kasi za polepole zinaanza kuburuta. Yote mawili yanatibika. Isitoshe, beki ya dijitali ya CFV II 50C iliyotangazwa mwaka 2019 inakubali kupachikwa kwenye miili mingi ya ukoo huo tangu 1957. Msidharau kamera ya marehemu mzee iliyo kwenye sanduku.

Mfumo wa H wa Hasselblad, ulioanza na H1 mwaka 2002, ni habari nyingine. Shata ya lenzi inaendeshwa kwa umeme, na kamera na lenzi huzungumza muda wote. Kuipima na kuirekebisha kunahitaji programu na vifaa vya kiwandani. Bisibisi peke yake haitoshi, na fundi anayesema inatosha anaweza kuiua. Muuzaji mwaminifu atasema wazi kwamba ikiharibika itasafiri hadi Göteborg, Sweden, kwa Hasselblad wenyewe, au kwa karakana iliyoidhinishwa, na ataandika hivyo kwenye risiti.

Kuna pia beki za kale za CCD, aina ya sensa ya zamani, zenye sensa za Kodak au Dalsa. Rangi zake nazipenda kwa dhati. Ngozi zetu nyeusi zinatoka zikiwa na uhai. Lakini Kodak iliuza kitengo chake cha sensa mwaka 2011, na nyingi za beki hizo huungwa na kompyuta kwa waya wa FireWire, tundu ambalo kompyuta mpya hazina. Sensa ikifa, tegemeo ni beki nyingine mbovu ya kuchinjia vipuri. Ziuzeni, ila kwa bei inayokubali ukweli huo.

Kabla hujanunua beki yoyote, iwashe na uiache ifanye kazi mpaka ipate joto. Kasoro nyingi hujificha mashine ikiwa baridi. Funika lenzi, piga picha ndefu, kisha uitazame kwa ukubwa wake wote: utaona nukta nyeupe zilizoungua. Piga anga tupu kwa f/16, yaani tundu la lenzi likiwa dogo, bila kulenga chochote, vumbi litajitokeza. Halafu piga ukuta wa kijivu uliomulikwa sawasawa. Sensa nyingi kubwa husomwa kwa vipande, na marekebisho yakipotea, nusu moja hutofautiana na nyingine na mstari unakata picha katikati. Kila beki ina faili yake ya marekebisho, haiazimani na nyingine. Muuzaji akikosa faili hiyo na mstari upo, punguza bei sana au ondoka.

Halafu pima ulengaji. Kwenye sensa ya megapikseli 102, pikseli moja ina upana wa mikroni 3.76, unywele wa mtu ni mnene zaidi ya mara kumi. Kioo kilichohama kidogo tu, ambacho enzi za filamu hakuna aliyekigundua, leo kinaharibu jicho la mteja wako kwenye chapa ya mita moja.

Kwa hiyo kila mashine inayopita mikononi mwenu iandikieni daftari: nambari yake, hesabu ya picha ambazo shata yake imepiga, ilifunguliwa lini, na nani, kilibadilishwa nini. Mimi nitalipa zaidi kwa beki ya zamani yenye daftari kuliko mpya kidogo isiyo na historia.

Ikibidi kuituma nje kwa matengenezo, andikisheni nambari yake kwa forodha kabla haijaondoka, ili ikirudi itambulike kuwa ni ile ile. Toeni betri za lithiamu, msizitume bila kuombwa. Piga picha kila upande, na uandike kasoro kwa maneno ambayo fundi wa ng'ambo ataweza kuirudia: ilitokea kwa lenzi gani, kasi gani, baada ya muda gani. "Haifanyi kazi" si maelezo.

Nimeleta beki mbili na kompyuta. Sogeeni mezani, tuanze na ukuta wa kijivu.