Katuni au Mahubiri? Tunaigombania Earth Maiden Arjuna

ZUHURA: Karibuni tena, wapenzi wasikilizaji. Mimi ni Zuhura, niko na Baraka kama kawaida, na leo tuna Earth Maiden Arjuna, mfululizo wa Kijapani wa mwaka 2001. Baraka keshanuna hata hatujaanza.

BARAKA: Sijanuna, dada. Nimechoka kukaripiwa tu. Karibu kila sehemu nasemwa: unakula vibaya, unasomeshwa vibaya, unajifungua vibaya…

ZUHURA: Wewe umejifungua lini?

BARAKA: Ndiyo nashangaa na mimi!

ZUHURA: (anacheka) Haya, tuwasaidie wasioiona. Juna Ariyoshi ni msichana wa sekondari. Anapanda pikipiki na mpenzi wake, Tokio, wanakwenda kutazama bahari. Wanapata ajali, Juna anakufa. Roho ikiwa imeshatoka anaiona dunia yote ilivyo hoi, halafu anatokea kijana anaitwa Chris na kumwekea sharti: nitakurudishia uhai, ila uipiganie dunia hii. Na wa kupigana naye ni Raaja, madude kama minyoo, mengine makubwa kupita majengo.

BARAKA: Na pambano la mwanzo ni kwenye mtambo wa nyuklia. Hapo nilikaa sawasawa kwenye kiti, nikasema leo kuna kazi. Kumbe nimeitiwa darasa.

ZUHURA: Watazamaji wengi walikwama papo hapo. Mwongozaji ni Shoji Kawamori, yule wa Macross, ndege zinazogeuka kuwa roboti. Hata lile lori jekundu tunalolijua kwa jina la Optimus Prime, mkono wake upo, tangu likiwa mwanasesere wa Kijapani. Sasa mtu anasikia Kawamori ana kazi mpya, muziki wa Yoko Kanno, anakuja anatafuta roboti. Anakuta shamba la mpunga.

BARAKA: Muziki hapana, huo hatugombani. Kuna watu wameichukia katuni na bado nyimbo wanazo kwenye simu.

ZUHURA: Malalamiko makubwa ni yapi, kwa unavyoyaona?

BARAKA: La kwanza Chris. Huyu bwana anamtuma msichana vitani bila kumweleza chochote. Juna akikosea, analaumiwa kwamba haelewi. Aelewe vipi na hajaambiwa? Halafu Chris mwenyewe hoi, anayemsemea ni Cindy, na Cindy ulimi wake ni pilipili tupu. Watu wanasema walitamani Juna amrudishie hiyo kazi yake.

ZUHURA: Na mimi nilitamani. Lakini angalia, ule ukali haumsaidii Juna hata kidogo. Kila anachojifunza anakipata wakati hakuna anayemwambia kitu. Chukua mlimani. Anaachwa peke yake, hana chakula, na sehemu nzima karibu haina tukio. Njaa, baridi, woga. Anafika mahali amechoka kuogopa, anajilaza, ndiyo anaanza kusikia msitu. Hapo hakuna mhubiri.

BARAKA: Hiyo nakupa.

ZUHURA: Halafu anarudi mjini, Tokio anampeleka kula baga. Anaishika mkononi. Mkate, nyama, karatasi ya kufungia, vitu vya kila siku. Na kwa kuwa sasa anahisi kilipotoka kila kitu, anamwona ng'ombe, anaziona dawa, anaona safari nzima ya kile kipande mpaka pale mezani. Hakipiti kooni. Na Tokio amekaa mbele yake, anaendelea kutafuna, hajui kosa lake ni nini.

BARAKA: Masikini Tokio! Watu wanamsahau. Mimi ndiye niliyekuwa upande wake muda wote. Kijana kafanya nini? Kanunua chakula, kampa mpenzi wake.

ZUHURA: Na ndiyo uzuri wa onyesho lile. Hakuna mbaya mezani, ila hawawezi tena kula pamoja. Mimi nawagawa watazamaji hapo hapo, kaka. Kuna wanaosema pale Juna anatutukana sisi walaji. Na kuna wanaosema pale Juna amepoteza kitu. Mimi niko na hao wa pili.

BARAKA: Sawa, lakini twende kwa yule mzee wa mlimani, maana huyo ndiye ugomvi wangu. Mzee ana shamba, halimi kwa jembe, hatii mbolea ya viwandani, hapigi dawa, magugu hapalilii. Mpunga umesimama kama umepangwa na malaika. Mjomba wangu analima mpunga Kyela. Nimuonyeshe ile sehemu?

ZUHURA: Muonyeshe! Kilimo kile si cha kutungwa. Ni njia ya Masanobu Fukuoka, mkulima wa Ehime, kisiwa cha Shikoku. Alikuwa mtaalamu wa magonjwa ya mimea, ofisi yake ilikuwa ukaguzi wa mimea pale forodha ya Yokohama, akaacha kazi akarudi shambani kwao. Alikuwa anazifunika mbegu kwa udongo wa mfinyanzi, vidonge vidogo, anazirusha tu shambani ili ndege wasizile. Leo Kenya kuna watu wanarusha mbegu za miti zilizofunikwa vumbi la mkaa kwenye ardhi iliyokauka, hesabu ni ile ile.

BARAKA: Namjua Fukuoka, na ndiyo maana nina hasira. Umesahau machungwa?

ZUHURA: Machungwa gani?

BARAKA: Aliporudi kwao, alikabidhiwa bustani ya michungwa ya baba yake. Akasema asili haihitaji mtu, akaacha kupogoa. Matawi yakaingiliana, wadudu wakavamia, miti ikafa, na si mitatu wala minne. Mwenyewe kaisimulia wazi kabisa, hakuficha. Ndipo alipojifunza kwamba mti ulioanza kukatwa na binadamu ukiuacha ghafla hujaurudisha kwenye asili, umeutelekeza. Baada ya hapo ikamchukua miaka mingi mpaka shamba likakaa sawa.

ZUHURA: Enhe.

BARAKA: Sasa katuni inanionyesha mpunga uliokwisha kusimama. Michungwa iliyokufa haipo. Mtu akisema hii kazi ni mahubiri, mimi nasikia hilo: wamenipa jibu, wameficha gharama yake. Mkulima hawezi kukuamini hivyo.

ZUHURA: Hapo umenibana kwa mzee, si kwa Juna. Juna anakosea mfululizo. Anawaua Raaja sehemu baada ya sehemu akidhani ndiyo kazi aliyopewa, na hao Raaja si adui kama alivyodhani, nao ni sehemu ya dunia ile ile anayoilinda. Michungwa yake ndiyo hiyo.

BARAKA: (kimya kidogo) Hilo zuri. Lakini linakuja mwisho mwisho, na nusu ya watazamaji walishaondoka.

ZUHURA: Walioondoka 2001, ndiyo. Kuna walioiona baadaye, na hao wanaisoma tofauti. Fikiria mambo ya nyuklia. Ilipoanza kurushwa TV Tokyo, Januari 2001, Wajapani walikuwa wametoka kwenye ajali ya Tokaimura, Septemba 1999, wafanyakazi 2 wakafa kwa mionzi. Lakini kwa mtazamaji wa nje lile pambano la mwanzo lilikuwa mbwembwe tu. Ikaja ajali ya mtambo wa nyuklia wa Fukushima, Machi 2011. Mtu anayeifungua sasa, sehemu ya kwanza haimchekeshi.

BARAKA: Na mafuta je? Mwishoni kuna bakteria waliotengenezwa maabara kula mafuta, wanaponyoka. Plastiki zinaoza, magari yanasimama, nchi inavurugika. Wakati ule watu waliona ni chumvi imezidi. Mwaka 2016 watafiti wa Kijapani wakatangaza bakteria wa kweli waliyempata mji wa Sakai, anakula plastiki ya chupa za maji. Ideonella sakaiensis.

ZUHURA: Anakula taratibu sana huyo, wasikilizaji msianze kuficha ndoo.

BARAKA: Taratibu, ndiyo. Ila ile sehemu ya mwisho ndiyo bora kwangu, na watu hawaisemi. Kwa mara ya kwanza hakuna anayenikaripia. Wanaondoa plastiki tu, halafu wananiacha nitazame nini kinabaki hospitalini, jikoni, barabarani. Nilikaa nikihesabu vitu chumbani kwangu.

ZUHURA: Kwa hiyo na wewe umeguswa.

BARAKA: Nimeguswa dakika 40. Zilizobaki nimevumilia. Na ile sehemu ya uzazi sitaki hata kuizungumza.

ZUHURA: Ile ya 9, ambayo televisheni haikuirusha. Zilipita 12, hiyo ikatokea kwenye DVD. Nami sikuipenda. Inachukua jambo zito la mwanamke na kulikatia hukumu kwa haraka, kama vile uamuzi wa mtu kuzaa au kutozaa ni uchafuzi mwingine wa kuorodheshwa. Wanaosema katuni hii inachanganya sayansi na imani bila kuweka mpaka, hapo wako sahihi.

BARAKA: Leo tumepatana!

ZUHURA: Msiizoee. Haya, mtu mgeni aanze vipi?

BARAKA: Ya kwanza mpaka ya tano, azione kwa mfululizo. Asipoipenda ile ya baga, aruke aende mwisho.

ZUHURA: Asiruke kitu. Ila usiku mmoja asizibebe zote, atachoka kama wewe. Na mjomba wa Kyela?

BARAKA: Nampelekea hiyo ya mpunga Jumapili. Najua swali lake: gunia ngapi kwa eka?

ZUHURA: Fukuoka alisema mavuno yake yalikuwa sawa na ya majirani waliotumia dawa.

BARAKA: Hilo katuni ingelisema, mimi nisingenuna.

ZUHURA: Kumbe ulinuna! Wasikilizaji, mmemsikia wenyewe. Tutumieni sauti zenu, fupi tafadhali, na mtuambie mko meza ya Juna au ya Tokio. Wiki ijayo tuko na mashujaa wa mpira wa miguu, na Baraka kaahidi kuja na jezi.