Usiniambie Kazi Yake, Nioneshe Umbo Lake

Mlionisikia mwaka jana mtanisamehe, maana narudia yale yale. Na nitayarudia mpaka nisiletewe tena ripoti zenye protini zilizopangwa kwa kazi peke yake: hizi hubeba oksijeni, hizi hukata, hizi hazijulikani. Undugu wa protini, yaani kutoka asili moja, huonekana kwenye umbo, si kwenye kazi. Wavuvi wawili wa Nungwi si lazima wawe ndugu. Na ndugu wawili wa Wete, mmoja huwa mvuvi, mwengine mshona kanzu.

Ng'oeni mche wa kunde, hapa hapa Tunguu. Kwenye mizizi mtaona vinundu. Kipasueni kimoja kwa wembe: kikiwa kizima, ndani kina wekundu. Ule ni wa protini iitwayo leghemoglobini. Bakteria wanaokaa mle hugeuza naitrojeni ya hewani kuwa chakula cha mmea, na kimeng'enya chao huharibiwa na oksijeni. Lakini wenyewe nao lazima wapumue! Basi leghemoglobini huishika oksijeni, ikawagawia kwa kipimo. Sasa ulinganisheni mfuatano wa asidi amino zake, yaani vijenzi vya protini ambavyo kila kimoja tunakiandika kwa herufi, na ule wa mayoglobini, protini ya misuli ya nyangumi, ambayo John Kendrew alionesha umbo lake mwaka 1958. Nafasi zinazolingana hazifiki robo. Ukisoma herufi tu utasema hawa hawajuani. Tazama umbo: vipande vile vile vilivyojisokota, kwa mpango ule ule, vimeizunguka hemi, kile kijisehemu chenye chuma kinachoshika oksijeni. Globini hiyo, ndilo jina la ukoo. Imo katika kunde, imo katika nyangumi, imo katika damu yako wewe wa nyuma unayechezea simu.

Najua kuna anayesema moyoni: "Lakini Mwalimu, zote si zinashika oksijeni? Kazi ingetosha." Haitoshi! Pweza je? Hemosayanini, protini ya damu yake, nayo hubeba oksijeni, ila kwa shaba, ndiyo maana damu yake ni buluu. Hemi haina, na umbo lake halina uhusiano na globini. Ukipanga kwa kazi umemtia pweza katika ukoo wako, na kunde umezitoa iwapo hukuwahi kuziuliza kazi yao.

Kinyume chake kipo pia. Laisozaimu, protini ya ute wa yai, hukata kuta za bakteria. Alfa-laktalbumini, protini ya maziwa, husaidia kutengeneza sukari ya maziwa. Umbo moja, asili moja, kazi mbali mbali. Nendeni mkasome.

Na msiniambie AlphaFold, ile programu ya kompyuta inayokisia maumbo ya protini, imemaliza kazi. Mwaka 2022 yalitolewa maumbo zaidi ya milioni 200, ya kukisiwa. Vizuri. Nani atayapanga? SCOP ya mwaka 1995 na CATH ya 1997, hazina zinazopanga protini kwa umbo, zilianza na maumbo machache sana kuliko hayo, na bado watu walibishana.

Naona naoneshwa saa. Domeni, yaani sehemu za protini zinazojikunja kila moja peke yake, zilitaka siku yake: protini moja huweza kuwa na domeni kadhaa, kila moja na ukoo wake, na kinachopangwa katika SCOP na CATH ni domeni, si protini nzima. Pfam, hazina inayopanga koo kwa mfuatano, nimeiacha kabisa. Ripoti zijazo, safu ya kazi iwe ya mwisho kulia. Ikija ya kwanza, sisomi.