Samaki Peke Yake Haleti Nguvu

Mhadhara uliotolewa Mkunguni, Lamu, baada ya sala ya Alasiri

Assalamu alaikum. Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliosimama upande wa ngome, ahsanteni kwa kuja.

Nitaanza na mamangu. Alishikwa na nimonia, akalazwa. Aliporudi nyumbani, sisi watoto wake tukapatana: mama asiinuke. Maji tukamletea, chakula tukampelekea kitandani. Asubuhi uji, jioni chai na mkate. Mwezi haujesha, hakuweza kushuka ngazi za nyumba yake. Nimonia ilikuwa imepona zamani. Waliomdhoofisha ni sisi, kwa mapenzi. Na mimi kazi yangu ni mazoezi ya viungo. Nilijua, lakini nilinyamaza, kwa sababu niliona si adabu kumwambia mamangu ainuke.

Mwaka 2007 kulitolewa matokeo ya utafiti wa Marekani. Watu 12 wenye afya zao, wastani wa umri miaka 67, walilala kitandani siku 10. Chakula walikuwa wakila. Kwa siku hizo 10 tu, miguu yao ilipoteza karibu kilo nzima ya mnofu.

Kwa nini? Nyumba zetu za mawe, fundi akishamaliza ukuta, ukuta unakaa miaka na miaka. Msuli hauko hivyo. Kila siku unabomolewa kidogo na kujengwa tena. Protini ndiyo mawe na chokaa, na kazi ya mwili ndiyo inayomwita fundi. Ukimlisha mtu samaki na mayai huku amekaa tu, mawe yamerundikwa uani na fundi hakuitwa. Ukimfanyisha kazi nzito kwa chai na mkate, fundi amekuja, mawe hayapo, atabomoa chumba hiki akajenge kile.

Tangu miaka ya thelathini mtu huanza kupungukiwa na misuli, baina ya asilimia 3 na 8 kila miaka kumi, na baada ya 60 kasi huzidi. Hali hii ikifika mbali huitwa sakopenia. Wengi wetu tunasema ni uzee tu, tunaiacha. Mimi sikubali iachwe. Mwaka 1994 kulichapishwa utafiti wa wazee 100 dhaifu wa Boston, wastani wa umri miaka 87. Waliofanyishwa mazoezi mazito ya miguu mara tatu kwa wiki, kwa wiki 10, nguvu zao zilizidi maradufu. Waliopewa kinywaji cha lishe bila mazoezi hawakupata nguvu. Miaka 87, jamani!

Sasa tuje kwenye sinia. Wataalamu wengi wanashauri mzee apate gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwenye kilo 60 anahitaji baina ya 60 na 72. Yai moja lina kama 6, kikombe cha maziwa 8, kikombe cha mbaazi zilizopikwa kama 11, na kipande cha samaki cha gramu 100 hupita 20. Mbaazi za nazi ni chakula kizuri sana cha asubuhi, ila tule mbaazi zenyewe, tusichovye mahamri kwenye tui tukadhani tumekula mbaazi. Na protini igawanywe, kwa sababu msuli wa mzee ni mzito wa kusikia: kidogo kidogo hauamki, wataka kama gramu 25 kwa mlo mmoja. Nyumba nyingi ninazoingia, samaki ni wa mchana peke yake. Na hata huo mchana namuona bibi anamega kipande chake, anampa mjukuu, yeye anabaki na wali na mchuzi. Mama zangu, nawaombeni, kileni kipande hicho. Mwenye maradhi ya figo amuulize daktari wake kwanza.

Kuna mzee ataniambia: mimi naenda Shela kwa miguu na kurudi. Mashallah, moyo wako unafaidika. Lakini msuli hutaka kitu cha kushindana nacho. Shirika la Afya Duniani mwaka 2020 lilishauri mazoezi ya nguvu siku mbili kwa wiki au zaidi, na kwa waliofika 65, siku tatu au zaidi za nguvu pamoja na za kujimudu usianguke. Ngazi tunazo. Dumu la lita tano lipo kila jikoni. Baraza ipo mlangoni: kaa, simama bila kujisukuma kwa mikono, kaa tena.

Mamangu tulianza na kuinuka kitandani mara tatu, yai asubuhi, samaki usiku. Ilipotimia miezi mitatu, alishuka ngazi peke yake.

Basi tujipime. Vijana, leteni viti, viegemezeni ukutani. Mikono kifuani, simama na kukaa kwa nusu dakika. Mwanamume wa miaka 70 akishindwa kufika 12, au mwanamke wa umri huo akishindwa kufika 10, yuko kwenye hatari zaidi ya kuanguka, na aje tuzungumze leo hii. Mwenye maumivu ya kifua au aliyepasuliwa karibuni abaki akitazama. Kila mzee awe na kijana ubavuni pake.