Mtoto Mmoja, Faili Moja, Neno Moja

Mbukwenyi! Hiyo ni salamu ya Kigogo, naona wa Kondoa mmenyamaza. Haya, shikamooni wakubwa, na wengine habari za asubuhi.

Nilipokuwa ofisa ustawi katika wilaya moja hapa mkoani Dodoma, nililetewa binti wa miaka 13. Kosa lake utoro. Alikaa mbele yangu kalikumbatia begi kifuani, zipu imekufa, limefungwa kwa kamba ya katani. Saa nzima namuuliza habari za shule, yeye anachezea ile kamba.

Miezi mitatu baadaye nikakaa na bibi yake kibarazani, tunachambua mlenda, ndipo nikasikia. Baba wa kambo anampiga. Mama naye anapigwa, mtoto akiona. Njiani kuna kijana wa bodaboda anayemvizia. Darasani wenzake wanamzomea kwa sababu ya lile begi. Kwenye faili langu mimi, mtaalamu mwenye cheti, mlikuwa na neno moja: mtoro.

David Finkelhor na wenzake wa Chuo Kikuu cha New Hampshire, Marekani, walichapisha mwaka 2007 utafiti wa watoto 2,030. Asilimia 22 walikuwa wamepatwa na aina nne au zaidi za maonevu ndani ya mwaka mmoja. Kilichonishtua zaidi ni hiki: walipohesabu aina zote kwa pamoja, uzito wa kila aina peke yake katika kueleza hofu, huzuni na hasira za mtoto ulipungua sana, kwingine ukatoweka kabisa. Ni kweli, kipigo kinauma popote. Lakini anayepigwa nyumbani tu, shuleni anapata pa kupumulia. Binti yule angepumulia wapi?

Na sisi Watanzania tunazo takwimu zetu. Utafiti wa kitaifa wa 2009 ulionyesha karibu wasichana 3 kati ya 10 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18, na karibu robo tatu ya watoto, wa kike kwa wa kiume, ukatili wa kimwili. Tunazisoma kana kwamba ni watoto wa vijiji tofauti. Dawati la jinsia la polisi linauliza lake, zahanati lake, mwalimu lake, na mtoto anagawa maumivu yake vipande kama nyama ya mnadani.

Siku hizi naanza hivi: tangu unaamka mpaka unalala, ni wapi huogopi? Binti yule nilimuuliza nimeshachelewa. Alifikiri kidogo, akasema, "Chooni. Kuna komeo."